Jukwaa Lisilo na Msumari Mpya

Ipo nchi, si hii yetu, ambayo jua lake huchomoza kwa kibali cha Wizara. Nchi hiyo ina misitu, au tuseme ina mahali palipokuwa na misitu, maana miti yake ilikatwa ili ipatikane karatasi ya kuchapia mabango ya kuwahimiza raia wapande miti. Mabango yalipendeza sana. Yalibandikwa kwenye visiki.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, na ndani yake alifanya kazi Bwana Machano, mtengeneza mandhari. Mchezo ukitaka kasri, yeye ndiye aliyesimamisha kasri jukwaani. Ukitaka jela, alijenga jela, na waliopata kufungwa walimsifu kwa kutosahau kitu. Miaka yote ya kazi yake hakununua ubao hata mmoja. Fungu la mbao lilitengwa kila mwaka, na kila mwaka lilipotelea njiani baina ya Hazina na Jumba, yaani umbali wa kuvuka barabara.

Basi Machano aliazima. Alikwenda Mtaa wa Chokaani, ulio nyuma ya Jumba, akapiga hodi. Huyu akampa kitanda, yule kabati, mwingine kinu na mchi wake. Siku ya mchezo wenye vitu waliketi mstari wa mbele, bure, wala hawakuja kumtazama mfalme na binti yake. Walikuja kutazama vitu vyao.

"Lione kabati langu lilivyosimama," Mzee Hamduni alikuwa akinong'ona. "Halina woga hata chembe."

"Kitanda chako leo kimelia sana, shoga," mwanamke mmoja alimwambia jirani yake.

"Kimelia kwa sababu ya yule mwigizaji mnene. Nyumbani hakilii."

"Nyumbani nani wa kukiliza?"

Wakacheka mpaka mfalme akasahau maneno yake. Mchezo ulipokwisha kila mtu alipanda jukwaani akabeba chake, na juu yake sahani ya halua kutoka kwa Machano, kwa kuwa Chokaani kitu cha kuazima hakirudi mikono mitupu.

Mkopeshaji wa kwanza siku zote alikuwa Bi Sikudhani, dada yake Machano, mjane, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, paa la bati, na mbele mlango wa mvule ambao wanaume wawili waliubeba kwa kupokezana na kulaaniana. Mlango huo ulikuwa umekwisha kuigiza kasri, jela, msikiti, benki, na mara moja lango la peponi. Bi Sikudhani hakuwa mtu wa majivuno, ila ukimchokoza alikwambia, "Mimi mlango wangu umefungua pepo. Wako umefungua nini?"

*

Wizara iliyosimamia sanaa katika nchi hiyo iliitwa Wizara ya Upepo na Kivuli. Waziri wake, Mheshimiwa Ngwali, alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo na habari nzito. Huko, alisema, imegundulika kwamba michezo ya kuigiza inachafua dunia. Watu wanajenga mandhari ya mbao mpya na rangi mpya, wanaigizia mwezi mmoja, kisha wanaitupa shimoni. Walimwengu wastaarabu sasa wanatumia vitu vilivyokwisha tumika, na nchi inayofanya vizuri kuliko zote hupewa tuzo iitwayo Jani la Dhahabu.

Waziri alitoa hotuba mbele ya Jumba, kwenye jua, huku magari ya msafara wake yakinguruma nyuma yake muda wote ili ubaridi wa ndani usipotee.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuanzia leo, jukwaa letu halitaguswa na msumari mpya! Hatutakubali, nasema hatutakubali, mti hata mmoja wa taifa hili uangushwe kwa ajili ya kumfurahisha mwigizaji!"

Wakati huohuo meli ya magogo ya shemeji yake ilikuwa ikiondoka bandarini, ikapiga honi ndefu. Watu wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi.

Machano alifurahi kuliko wote. Alimfuata Waziri, akainama, akasema, "Mheshimiwa, hilo tumekuwa tukilifanya siku zote. Sisi hatununui wala hatutupi. Tunaazima."

Waziri akamtazama Naibu wake, Bwana Fumbwe, kijana aliyesomea jambo hilo mahali pa mbali na kurudi na tai tatu.

"Kuazima si kurejeleza," alisema Fumbwe.

"Kwa nini, Naibu?"

"Kitu kinachorejelezwa sharti kwanza kiwe taka. Wewe unaazima kabati zima, unarudisha kabati zima. Taka ipi imepungua hapo?"

"Lakini hapakuwa na taka."

"Si ndiyo kosa lako hilo!"

Waziri akamshika Machano bega kama baba. "Ndugu yangu, jaji wa Jani la Dhahabu atakuja. Akiniuliza, mmeokoa taka kiasi gani, nimjibu hatukuwa nazo? Nchi isiyo na taka itaonekana haijaendelea. Unataka kuniaibisha?"

Machano hakutaka kumwaibisha. Siku ileile kuazima kukapigwa marufuku, kukaitwa hujuma dhidi ya mazingira. Na kwa kuwa mkono unaochapa ndio unaobembeleza, Machano akapandishwa cheo, akawa Mtaalamu wa Taifa wa Taka za Jukwaani. Alivishwa kofia ya kijani. Akapewa na mamlaka: kitu chochote atakachosimama mbele yake, akatamka mbele ya shahidi, "Hii ni taka," kilikuwa taka tangu dakika hiyo, wala hakuna mahakama iliyoweza kukirudishia heshima yake.

Kofia ilimkaa vizuri. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha la Jumba, akaona si vibaya. Ni mara ya kwanza katika maisha yake serikali kukumbuka kwamba ana kichwa.

*

Kwanza Jumba lenyewe lilifanywa la kijani. Paa liling'olewa, mwanga wa jua uingie bure, na mabati yake yakaenda kujikinga na mvua nyumbani kwa mtu ambaye jina lake halikutajwa. Kisha zikaletwa baiskeli zisizo na magurudumu, zifungwe kwenye mitambo ya umeme, wapandishwe walimu wa shule za msingi wakanyage. Mtu mmoja akauliza kwa nini walimu. Fumbwe akamweleza bila hasira kwamba walimu ni nishati jadidifu: wakichoka hawa, wengine wanahitimu.

Ikabaki mandhari. Mchezo ulikuwa umekwisha kuchaguliwa, nao ni "Kijiji cha Bashasha", uliotungwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe akiwa ndani ya ndege. Ulihitaji nyumba ya maskini mwenye furaha. Machano na Fumbwe wakatoka kutafuta taka.

Walianza dampo la mji. Hawakupata kitu. Chupa zilikuwa zimeokotwa kuuzia mafuta, vyuma vimeuzwa kwa wahunzi, na maganda ya viazi yameliwa na mbuzi, na mbuzi ameliwa na wenyewe. Palibakia rundo moja tu kubwa la taka halisi, mabango na chupa za maji za mikutano ya Wizara, lakini hilo lilikuwa na mlinzi kwa sababu ni mali ya serikali.

Wakaenda Chokaani, nyumba kwa nyumba.

"Beseni hili lililotoboka, je?" Fumbwe aliuliza.

"Hilo kuku wangu anatagia," akajibiwa.

"Sufuria hii haina kitako."

"Ndiyo mdomo wa bomba langu la mvua. Ukiiondoa, maji yote yanaingia kwa Hamduni."

"Na kiatu hiki? Kiko kimoja!"

"Mume wangu ana mguu mmoja, baba. Unataka avae viwili?"

Fumbwe alifuta jasho kwa tai. "Watu hawa ni wachoyo," alimwambia Machano. "Hawatupi kitu. Wanahodhi taka za taifa." Akasimama mbele ya nyumba ya Bi Sikudhani, akarudi nyuma hatua chache, akafumba jicho moja kama mpiga picha. "Hii. Hii ndiyo. Ina uhalisia."

Bi Sikudhani alikuwa kibarazani anachambua mchele. "Mwataka mlango?" aliuliza. "Chukueni. Ila safari hii waambieni wasiupige mateke. Ule mchezo wa askari waliupiga mateke mpaka nikaumwa mimi."

"Hatuazimi, bibi," alisema Fumbwe. "Na hatutaki mlango. Tunataka nyumba. Mtaalamu atamke tu."

Machano akajikuta anatazama viatu vyake.

"Naibu," alisema, "humu anakaa mtu."

"Naona. Basi tufanye hivi. Wewe hutaki kutamka, mimi nitakaimu. Lakini mimi sina jicho lako la kuchagua. Mimi nikianza kutamka, nitaanzia kona ile na kumalizia kona ile, mtaa mzima. Ukitamka wewe, ni nyumba moja. Una mpaka kesho asubuhi." Akaenda zake kutafuta soda.

Ndugu wawili wakabaki na sinia la mchele katikati yao.

"Dada, ni neno tu," alisema Machano. "Nikiitaja hii, mtaa unapona. Mchezo ukiisha nitairudisha yote, udongo kwa udongo, bati kwa bati. Wewe utakaa kwangu siku hizo chache."

"Kwani wewe ukiitazama unaiona taka?"

"Siioni."

"Sasa utasemaje usichokiona?"

"Ni neno la kazi, dada. Kule kazini tunasema maneno mengi."

Bi Sikudhani akatoa kokoto kwenye mchele, akaitupa uani. "Mama alikuzalia chumba kile cha nyuma, mvua inanyesha. Mkunga alichelewa, nikakupokea mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili. Sikusema neno la kazi. Nilipiga kelele tu." Akacheka kidogo. "Sema, Machano. Kama watu wa mtaa watalala ndani, sema. Ila usinifiche. Nami nitakuwepo nisikie."

*

Asubuhi Machano alivaa kofia, akasimama mbele ya nyumba, Fumbwe akiwa shahidi na dada yake akiwa kibarazani.

"Hii ni taka," alisema.

"Sauti," alisema Fumbwe.

"Hii ni taka!"

Wabomoaji walikuwa wamekwisha kujificha nyuma ya kona, maana Wizara hiyo ilichelewa katika mambo yote isipokuwa hayo. Wakaanza kwa adabu, bati moja moja, fito moja moja. Lakini nyumba za Chokaani zimejengwa kwa kuegemeana, ukuta mmoja wa watu wawili, hata ugomvi wa mke na mume husikilizwa na kuamuliwa kwa jirani bila mtu kuinuka. Ukuta wa Bi Sikudhani ulipotolewa, wa Mzee Hamduni ukakosa pa kuegemea, ukalala. Wa Hamduni ulipolala ukaita wa tatu.

"Naibu, simamisha!" Machano alipiga kelele. "Tulisema moja!"

"Ulitamka moja," alisema Fumbwe, akiwaashiria wabomoaji waendelee. "Lakini ukuta huu ni wa nyumba hii na ni wa nyumba ile. Ukuta ukiwa taka upande huu, utakuwaje mali upande ule? Mimi sikuuweka pale. Walijengeana wenyewe."

Kufikia adhuhuri Chokaani yote ilikuwa imepangwa kwa mafungu: mbao huku, mabati kule, milango imesimama peke yake kama watu wanaosubiri kuitwa. Waziri alifika, akalia machozi ya fahari. Alisema hajapata kuona taka nyingi namna ile zimeokolewa kwa siku moja, na kwamba nchi za jirani sasa zitajua zinashindana na nani. Wenye taka walipelekwa uwanja wa mpira, wakaruhusiwa kukaa upande mmoja wa goli, mradi wasizuie mechi.

Mzee Hamduni alipita mbele ya Machano na kabati lake mgongoni, kitu pekee alichowahi kukiokoa. Hakumtukana. Alisema, "Hongera kwa kofia, mwanangu," akaendelea kutembea.

Bi Sikudhani hakwenda kukaa kwa mdogo wake. Alichukua kigoda na mkeka, akawafuata majirani zake uwanjani.

*

Mchezo uliigizwa alasiri, jua likiwa bado lina nguvu, kwenye Jumba lisilo na paa. Walimu walikanyaga kwa bidii, na umeme wao uliwasha taa zote za jukwaani, ambazo hakuna aliyeziona kwa sababu ya jua, pamoja na feni moja iliyomwelekea Mheshimiwa. Jaji wa Jani la Dhahabu, bibi mrefu wa nchi za baridi, mwenye uso wa huruma, aliketi karibu naye na mkalimani wa Wizara.

Pazia lilifunguliwa, na watu wakashusha pumzi. Machano alikuwa ameijenga nyumba ya dada yake kama alivyoapa, udongo kwa udongo. Hakuna kilichokosewa. Hata alama ya moshi juu ya dirisha la jikoni ilikuwa mahali pake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa mikono yake, wiki nzima, akijiambia kwamba anayeweza kuijenga hapa ataweza kuijenga tena pale. Na hapo mlangoni akatoka mwigizaji kijana, midomo myekundu, akaimba kwamba maskini halii, maskini hacheki kwa pesa, maskini anacheka kwa upepo mwanana. Wizara nzima ikapiga makofi.

Watu wa Chokaani walikuwa wamekuja. Hakuna aliyewaita. Mstari wa mbele ulikuwa wa wakubwa, wakasimama nyuma kabisa, wengine wakiwa na vumbi la uwanjani. Bi Sikudhani alivaa kanga mpya na kubeba kigoda chake. Safari hii hakuna aliyesifia kitanda wala kabati. Walitazama mpaka mwisho.

Pazia lilipotaka kufungwa, Bi Sikudhani akashuka kwenye ujia wa katikati, taratibu, akapanda ngazi za jukwaa kama alivyozipanda miaka yote mchezo ukiisha. Akaweka kigoda chake kwenye mlango wake, akaketi.

"Machano," aliita. "Waite vijana tubebe. Jua linakuchwa."

Ikasikika minyororo ya baiskeli za walimu.

Jaji akamwuliza mkalimani, mkalimani akamwuliza Waziri: huyu ni mwigizaji?

Waziri akatabasamu kwa meno yote. "Bi mkubwa, wewe ni mwigizaji wetu, siyo?"

"Mimi ni mwenye nyumba," alisema Bi Sikudhani.

Fumbwe akaruka kama aliyekanyaga kaa, akamnong'oneza Waziri sikioni, lakini kwa hofu yake alinong'ona kwa sauti: "Mheshimiwa, kanuni za tuzo! Jukwaani panaruhusiwa mwigizaji au taka, basi. Nyumba ikiwa na mwenyewe si taka. Jani linatuponyoka!"

Waziri akageuka polepole mpaka akampata Machano, aliyekuwa pembeni mwa jukwaa ameshika kamba ya pazia.

"Mtaalamu," alisema kwa upole mkubwa. "Fanya kazi yako."

Machano hakuelewa. Kisha akaelewa.

Akatoka, akasimama mbele ya dada yake, kofia kichwani. Shahidi alikuwa jumba zima. Bi Sikudhani akamtazama kutoka kwenye kigoda, bila hasira, kama anayengoja mtoto amalize kutafuta sentensi.

"Haya," alimwambia. "Ulipoisema nyumba nilikuwepo. Na sasa nipo."

"Dada, inuka twende."

"Niende wapi, Machano? Golini?"

Machano akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, fupi, jepesi, alikwisha kulizoea. Akamwona Mzee Hamduni nyuma kabisa. Akaziona kuta alizozisimamisha mwenyewe, safi, zisizomwegemea mtu. Akafunga kinywa. Akavua kofia, akaiweka sakafuni, akaketi kwenye kizingiti, miguuni pa dada yake.

"Sisemi," alisema.

"Sauti," alisema Fumbwe.

"Sisemi!"

Nyuma mtu mmoja akapiga kofi, moja tu, akanyamazishwa. Waziri alifuta paji la uso. Jaji akainama mbele, kalamu mkononi, na mkalimani, ambaye alikuwa na watoto watano na nyumba ya serikali, akamwambia kwamba hiki ndicho kilele cha mchezo.

Fumbwe hakusita. Aliiokota kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa. Ilikuwa kubwa kidogo. Akasimama mbele ya mlango, akakohoa.

"Hizi," alisema kwa sauti ya kutosha Jumba zima, "ni taka mbili."

Hapo walimu waliacha kukanyaga kwa kitambo, feni ikasimama, Waziri akawakazia macho, wakaendelea. Jaji aliandika. Machozi yalimtoka, akasema kwa lugha yake kwamba hajapata kuona nchi inayothubutu hivi. Makofi yakaanza mstari wa mbele, yakawa ya kusimama, na Jani la Dhahabu likatoka kwenye mkoba, dogo kuliko lilivyodhaniwa.

Nyumba ilitakiwa kupelekwa ng'ambo kuonyeshwa, ndege ilikwisha kukodiwa. Kwa hiyo wapagazi walipanda jukwaani papo hapo, na glavu zao, wakauliza waanze na ipi.

"Nyepesi kwanza," alisema Fumbwe.

Wakamnyanyua Bi Sikudhani pamoja na kigoda chake, wampitishe mlangoni hadi nyuma ya jukwaa. Machano aliwashika miguu, wakamvuta kando bila kumuumiza, kwa kuwa taka za taifa hazitakiwi kuharibiwa. Ule mlango ulikuwa mwembamba kwa kigoda na wapagazi wawili, wakagota. Wakajaribu tena, wakagota. Ndipo Bi Sikudhani akashika miimo kwa mikono yote miwili na kuwaelekeza.

"Upande huu, wanangu," alisema. "Inamisheni kidogo. Taratibu, msiukwaruze mlango wa watu."